Vikombe Vitatu kwa Siku

Basel, 14 Februari 1999

Mpendwa Shangazi Menga,

Shikamoo. Kwanza pole kwa theluji. Redio inasema barabara ya bonde lenu imefungwa na maporomoko yamefika hadi kwenye kiwanda cha mbao. Natumaini wewe na farasi wako mko salama na kuni zipo.

Mimi si mzima, Shangazi. Keti kwanza.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa naendesha tramu, abiria mmoja akagonga kioo changu akasema, "Dereva, shati lako!" Kutazama, shati zima damu, inatoka puani na mimi sina habari. Miguu nayo ilikuwa na madoa ya buluu kama mtu aliyepigwa mateke na ng'ombe. Hospitali wakapima damu, wakapima tena wakidhani mashine imekosea, kisha wakanitoboa mfupa wa nyonga kuangalia uboho. Daktari Imhof, mama mmoja anayesema mambo mabaya kwa sauti ya mtu anayeagiza kahawa, akaniambia walichokuta ni mafuta matupu. Uboho umeacha kutengeneza damu. Sina seli nyeupe za kupigana na maradhi, sina chembe za kugandisha damu. "Si saratani," akasema, "lakini inaua vilevile."

Ningekuwa na ndugu wa tumbo moja, wangechukua uboho wake wakanipa. Sina, unajua. Kwa hiyo nitapewa dawa mbili kwa pamoja. Ya kwanza inatoka kwenye damu ya farasi, dripu ya siku tano, kazi yake kuwafyeka askari wa mwili wangu, maana wao ndio walioasi wakaushambulia uboho. Ya pili ni vidonge vya siklosporini, asubuhi saa mbili na usiku saa mbili, miezi na miezi, ili waasi waliobaki wasiinuke tena. Moja bila mwenzake haifiki mbali. Zikienda pamoja, watu kama saba kati ya kumi hupata nafuu.

Usije. Wageni hawaruhusiwi, mafua ya mtu mmoja yanaweza kuniua. Nimeshtuka kiasi kwamba mpaka leo sijalia.

Mpwa wako,
Flurin

—

Valdanz, 1 Machi 1999

Flurin mwanangu,

Barua yako imefika leo, wiki mbili baadaye, maana posta ilikuwa upande mmoja wa theluji na sisi upande mwingine. Mimi mzima, farasi mzima, paa limestahimili. Ya huku yaishie hapo.

Nilisoma nimesimama mlangoni na koleo mkononi. Uliniambia niketi, lakini nani anaketi kabla hajajua anaketishwa kwa lipi? Nilipofika pale pa mafuta matupu nikakaa kwenye theluji, mtu mzima wa miaka sitini na tatu, jirani yangu Barbla akaja mbio akidhani nimevunjika. Mafuta matupu! Mtoto niliyemlea tangu ana miaka sita, kwa supu ya shayiri na maini! Nimesoma mara nne. Sikuamini, na hata sasa naandika siamini.

Eti wanakutia farasi. Basi umekuwa ndugu wa Lisi wangu. Ukianza kuwapiga manesi mateke uniambie, nitatuma hatamu. Nafanya mzaha hivi, usidhani sina uchungu.

Nimekufungia jibini ya kule juu mlimani, ile kali, na mkate wa peasi. Kula. Daktari ana dawa zake na mimi nina zangu. Usinipigie simu, unajua sikio langu, simu kwangu ni nyuki ndani ya chupa. Andika.

Shangazi yako,
Menga

—

Basel, 21 Machi 1999

Shangazi,

Shikamoo. Naona umevuka salama hayo maporomoko. Na mimi nimevuka farasi.

Siku ya kwanza ya dripu nilitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Siku ya tatu nikazoea. Nikadhani yamekwisha, kumbe Daktari Imhof alinionya: siku ya kumi hivi mwili unagundua kwamba una kitu cha farasi ndani yake na unakasirika. Ulikasirika kweli. Viungo vyote viliwaka, ngozi ikatoka vipele, sikuweza kushika kijiko. Hilo nalo limepita.

Sasa jibini yako. Nesi Sonja alifungua kifurushi, akanusa, akasema, "Hii imetengenezwa kwa maziwa mabichi?" Nikasema ndiyo, kwa fahari. Akaibeba kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. Jibini ya maziwa mabichi hairuhusiwi, saladi hairuhusiwi, ua la kwenye chungu haliruhusiwi. Kwa mtu asiye na seli nyeupe kila kitu ni kichafu. Kinachochemka tu ndicho kinaruhusiwa, maana moto unaua vijidudu. Mkate wa peasi nimekula wote.

Nimerudi chumbani kwangu na naenda kliniki mara mbili kwa wiki. Vidonge vina harufu ya pombe mbaya, mikono inatetemeka, na nimeota nywele masikioni kama mzee wa kijiji. Lakini, Shangazi, chembe zangu zilikuwa tisa na sasa ni thelathini na moja! Wanazihesabu kwa maelfu, na mtu mwenye afya anapaswa kuwa na mia na hamsini kwenda juu, lakini zinapanda, na hazijapanda kwa kuongezewa damu. Ni zangu mwenyewe.

Lililobaki ni moyo. Nakaa dirishani natazama tramu zikipita na wenzangu ndani yake, nalia bila sababu. Usiku silali. Sijawahi kuwa hivi.

Mpwa wako,
Flurin

—

Valdanz, Ijumaa Kuu, 2 Aprili 1999

Mwanangu,

Heri ya Pasaka. Huku tunaendelea, theluji inayeyuka na kila kitu ni tope. Nimefurahi kwa hizo thelathini na moja nikamwambia hata Lisi. Huyo Sonja wako mwambie jibini yangu imewalea watu mia mbili wa bonde hili na hakuna aliyekufa kwayo.

La moyo niachie mimi. Umesema kinachochemka kinaruhusiwa? Vizuri. Ndani ya kopo hili kuna maua ya Yohana, niliyachuma mwenyewe siku ya Mtakatifu Yohana mwaka jana, mchana, umande umeshakauka, kama mama yangu alivyochuma na mama yake. Ukiyaminya yanatoa rangi nyekundu kama damu, na kwa mambo ya damu hayo ndiyo dawa yake. Mwaka aliokufa baba yako ndiyo yaliyonitoa kitandani, vinginevyo ungelelewa na nani? Nusu ya bonde hili inakunywa maua yangu.

Kijiko kimoja cha kujaa, maji yanayochemka, funika dakika kumi. Vikombe vitatu kwa siku. Asubuhi, mchana na kabla ya kulala. Usiruke hata kimoja, nakujua.

Shangazi yako,
Menga

—

Basel, 28 Aprili 1999

Shangazi yangu,

Shikamoo, na ahsante, na ahsante tena. Natumaini tope limekauka.

Nilimuuliza Sonja kuhusu chai ya nyumbani. Akasema, "Imechemka?" Nikasema imechemka. Akasema, "Basi kunywa." Nakunywa vikombe vitatu, sijaruka. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili nililala hadi asubuhi. Juzi nimecheka peke yangu barabarani, mama mmoja akavuka upande wa pili. Shangazi, wewe ni daktari kuliko madaktari.

Chembe arobaini na saba. Kiwango cha siklosporini kwenye damu kimeshuka kidogo, wameniongezea kidonge kimoja asubuhi. Daktari Imhof anasema hutokea.

Mpwa wako anayelala,
Flurin

—

Basel, 19 Mei 1999

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi nina aibu hata ya kuandika.

Kiwango cha dawa kimeshuka tena. Waliongeza vidonge, kikashuka. Wakaongeza tena, kikashuka. Chembe zimerudi ishirini na mbili. Jumatatu Daktari Imhof alifunga mlango, akaketi, akaniuliza polepole, "Bwana Janett, unavimeza kweli?" Sikuelewa swali. Akarudia. Akasema wagonjwa wengi huchoka na hizo nywele na mtetemeko, na kwamba hatanikasirikia. Nilishtuka nikakosa jibu, na naona yeye alichukulia ule ukimya kuwa nimekiri simezi.

Sasa naenda kliniki kila asubuhi. Sonja ananipa vidonge kwenye kikombe cha plastiki, nameza mbele yake, halafu nafungua mdomo ananimulika chini ya ulimi. Nina miaka thelathini na moja. Naendesha tramu yenye watu mia mbili.

Nameza, Shangazi. Naapa kwa kaburi la baba, nameza. Sijui dawa inakwenda wapi.

Mpwa wako,
Flurin

—

Valdanz, 24 Mei 1999

Flurin,

Mimi sijambo. Nitasema moja kwa moja.

Baba yako, kaka yangu, alikuwa anatema vidonge vyake vya moyo kwenye ndoo ya nguruwe, kisha ananitazama usoni ananiambia amemeza. Nikamzika ana miaka arobaini na mmoja. Wewe umechukua macho yake, na sasa naona umechukua na mdomo wake. Usiniapie kwa kaburi lake, mimi ndiye ninayelipalilia.

Dawa haiendi popote ikishafika tumboni. Isipoonekana kwenye damu ni kwamba haikuingia. Huyo daktari si mjinga, na mimi si mjinga. Unaona haya kwa ajili ya nywele za masikioni? Nyoa! Lakini usinifanye nizike na mtoto baada ya kumzika baba.

Najua ni moyo huo umezimika tena. Nakutumia kopo la pili. Ongeza kikombe cha nne.

Shangazi yako

—

Basel, 22 Juni 1999

Shangazi Menga,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta nyumbani na siyo mbugani. Samahani kwa ukimya wa mwezi mzima. Tarehe tatu niliamka jicho la kushoto halioni, damu imevuja ndani yake. Jioni ikaja homa. Niko tena hospitali, ndani ya chumba cha kioo, na homa ndiyo kwanza imeachia. Chembe ni sita. Sita, Shangazi, chini ya pale nilipoanzia.

Nimeandika barua hii mara tatu nikaichana mara tatu. Nilitaka kukuficha, na ningekuficha mpaka kufa kama si kalenda. Keshokutwa ni siku ya Yohana.

Juma lililopita waliniletea mfamasia, msichana mdogo kuliko mimi, anaitwa Iselin. Hakuuliza kama nameza. Aliuliza, "Mbali na dawa, nini kingine kinaingia mdomoni mwako? Kila kitu, hata maji." Nikamtajia. Nilipofika kwenye chai akaacha kuandika. Akaniomba funguo, akaenda mwenyewe chumbani kwangu, akarudi na kopo lako. Akalifungua, akachukua ua moja, akaliminya kwa kucha. Likatoa wekundu. Nikaona uso wake unabadilika.

Ini langu, Shangazi. Maua haya yanaliamsha ini, na ini likiamka linaichoma siklosporini kabla haijafika kwenye damu. Iselin alisikia habari hiyo kwenye mkutano majira haya ya kuchipua, ni jambo jipya, Daktari Imhof mwenyewe hakulijua. Alikaa kitandani kwangu, jambo wasiloruhusiwa, akaniomba radhi mara mbili. Nilikuwa nameza kweli. Kila kidonge nilichomeza, kikombe cha chai kilikuja nyuma yake kukifuta. Wale waasi wakabaki bila mlinzi, wakaurudia uboho.

Sikulaumu. Umesikia? Sikulaumu hata kidogo. Lakini usichume, na usimpe mtu yeyote anayekunywa dawa yoyote bila kuuliza.

Mpwa wako,
Flurin

—

Basel, 12 Julai 1999

Shangazi,

Shikamoo. U mzima? Wiki tatu sijaona mwandiko wako.

Nimempigia Barbla. Anasema uko hai, unakata majani, lakini ukisalimiwa unatikisa kichwa tu. Anasema usiku taa yako haizimwi.

Sikukuandikia ili uninyamazie. Ningetaka kunyamaziwa ningekaa kimya mimi mwenyewe. Nina homa kila siku ya tatu, natiwa damu ya watu nisiowajua, jicho linaona ukungu, na ndugu yangu mmoja aliyebaki duniani ananifanyia hivi. Umekasirika? Unaona haya? Basi ona haya kwa kalamu.

Flurin

—

Valdanz, 20 Julai 1999

Flurin,

Sijui nikusalimu vipi. Sina haki ya kukuuliza hali.

Barua yako ya Juni ilifika siku yenyewe ya Yohana, saa nane mchana. Nilikuwa nimeshatoka mbugani. Kapu limejaa, vidole vyekundu mpaka kwenye kucha, na mtu wa posta ananipa bahasha ananitania, "Menga, umeua nani leo?" Nikaifungua kwa vidole hivyo hivyo. Nimebaki na karatasi yenye alama zangu kila pembe.

Nilisoma mpaka pale pa kopo. Nikarudia. Nikatoka nje nikasimama zizini sijui kwa muda gani, Lisi akawa ananisukuma mgongoni. Nilikuwa najiuliza swali moja tu, kikombe cha nne. Ulikuwa unaanguka, mimi nikasema ongeza. Na pamoja na kopo nikakutumia matusi, nikakuita mwongo, nikamfufua baba yako akushuhudie. Hilo la chai labda Mungu atalisamehe, sikujua. Lile la maneno nilijua ninachofanya, nilitaka yaume.

Niliteketeza kila kitu siku ile, cha kapuni na cha darini. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba, nyumba ishirini na sita, nikauliza kila mtu anakunywa vidonge gani. Watu walidhani nimerukwa na akili. Na kwa Barbla nimekuta jambo. Ana miaka arobaini na mitatu, wanawe watatu wameshaota ndevu, alikuwa anameza vidonge vya kuzuia mimba na anakunywa maua yangu kwa ajili ya usingizi. Ana mimba ya miezi mitatu. Nikamweleza. Alinitazama, akakaa kwenye benchi, akasema, "Menga, mume wangu alidhani ni hodari." Akacheka mpaka akalia. Mimi sikuweza kucheka.

Miaka arobaini nimewapa watu maua kwa mkono huu na sikuwahi kuuliza.

Barua ya Mei ichome tafadhali.

Menga

—

Basel, 27 Julai 1999

Shangazi,

Shikamoo, na kalamu yako naishukuru. Sijambo kwa leo.

Barua ya Mei siichomi. Ilinikasirisha, lakini ni ya mtu anayeogopa kunizika, na sina watu wengi wa namna hiyo. Umesahau kusaini "Shangazi yako". Usirudie tena kosa hilo.

Sasa nisikilize. Watarudia dawa zote mbili. Farasi hawezi tena, mwili wangu unamkumbuka na unaweza kuniua kwa hasira, kwa hiyo safari hii ni damu ya sungura, kuanzia tarehe tisa Agosti. Siklosporini inaendelea, na sasa kiwango kimekaa pale kinapotakiwa. Mara ya pili si saba kati ya kumi. Daktari Imhof anasema ni kama watatu kati ya kumi, labda wanne. Sikuuliza wale wengine wanakwenda wapi.

Naogopa, Shangazi. Mara ya kwanza sikuogopa hivi kwa sababu sikujua. Mgeni mmoja anaruhusiwa, akivaa barakoa. Najua hujawahi kuvuka mji wa Landquart, pale bonde linapoishia. Treni ni mbili tu. Njoo.

Mpwa wako,
Flurin

—

Valdanz, 2 Agosti 1999

Mwanangu,

Natumaini homa imekaa mbali. Jana waliwasha moto wa sikukuu ya taifa juu ya vilima, nikaufungia dirisha.

Siji. Usinielewe vibaya. Nikikaribia kitanda chako sijui nitakuletea nini kingine, kwenye nguo, kwenye pumzi, kwenye wema wangu. Ninaogopa hata kumpa Lisi chumvi. Ulikuwa umefika thelathini na moja bila mimi. Acha safari hii wakutibu watu wanaojua wanachofanya.

Nitakuombea kwa mbali.

Shangazi yako (nimesaini),
Menga

—

Basel, 16 Agosti 1999

Shangazi, sungura amekwisha. Siwezi kuandika sana. Mdomo umejaa vidonda, siongei. Homa 40. Chembe 4. Wanasema tusubiri. Sikukulazimisha, ila nilikuwa natazama mlango.

F.

—

Basel, hospitali, kwenye ukumbi wa ghorofa ya nne
Alhamisi, 19 Agosti 1999, saa moja na nusu asubuhi

Flurin mwanangu,

Shikamoo yako niliisikia kupitia kioo jana jioni, uliponyanyua kidole kimoja. Marahaba.

Naandika kwa sababu huwezi kusema na mimi hapa nje siwezi kukusikia. Nimefika. Barbla analisha farasi na tumbo lake hilo. Treni zilikuwa tatu, siyo mbili, umenidanganya. Huyo Iselin nilimtafuta kabla ya kuja kwako, nikamwaga mfuko wangu wote juu ya meza yake, mpaka pipi za mnanaa na mafuta ya kukandia goti, nikamwambia ondoa. Aliondoa mafuta tu. Pipi akala moja.

Sijakuona tangu Krismasi. Umekuwa mdogo hivyo? Nilishika ukuta. Sonja akaniletea kiti na hakusema neno la jibini.

Leo asubuhi ameniambia jambo, na hili ndilo naliandikia. Anasema ukitoka hapa, ukijaliwa kutoka, lazima awepo mtu wa kukupa vidonge saa mbili na saa mbili, kwa mwaka mzima na zaidi, na kwamba nianze leo kujifunza. Akanisogezea kile kikombe cha plastiki. Vidonge viwili ndani. Nilirudi nyuma, Flurin. Nilimwambia hapana. Ameniuliza mara tatu, nimesema hapana mara tatu. Nitafua, nitapika vitu vya kuchemka, nitalala sakafuni kwako. Lakini kitu cha kukuingia mdomoni kisitoke tena mkononi mwangu. Tafuta mtu mwingine, nakuomba, nitakaa naye na kumheshimu.

Shangazi yako,
Menga

—

Nyuma ya karatasi hiyo hiyo, saa mbili kasorobo

Shangazi,

U mzima, nakuona. Barakoa umeivaa juu chini.

Hamna mtu mwingine. Sijui kama sungura atanifaa, Daktari naye hajui. Vidonge viko mezani. Sonja alitaka kunipa, nimefunga mdomo. Navitaka kutoka kwako, na saa mbili inakaribia. Ukitetemeka, mimi pia natetemeka, tutakishika kikombe wawili.

Usijibu kwa karatasi. Nawa mikono uingie.

Mwanao,
Flurin